UZI: Baba yangu alipewa ekari tano Mau, na waliokuwa wakiishi hapo hawakuulizwa

Mtoto wa Njoro (mleta mada)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, naomba subira. Nimeuandika na kuufuta mara tatu kwa sababu unagusa nyumba yetu.

Nimekulia Mau Mashariki, upande mmoja wa msitu wa Mau huku Kenya, juu ya Njoro, kwenye shamba la ekari tano ambalo baba alilipata mwishoni mwa miaka ya tisini. Sisi si Waogiek, wawindaji na warina asali wenyeji wa msitu ule. Baba alikuwa kibarua asiye na hata mahali pa kuzikwa, ana watoto sita, na siku alipoonyeshwa vigingi vyake alilia. Sijawahi kumlaumu kwa machozi yale. Lakini skimu zile za kugawa ardhi zilitangazwa kuwa ni za kuwapa makazi Waogiek. Ofisa aliyegawa upande wetu (simtaji, wala ofisi yake siitaji) alikuwa na orodha, na orodha ile ilijaa watu kama baba, waliotoka mbali. Waogiek wenyewe, ambao mizinga yao ilikuwa juu ya mitarakwa ya pale tangu enzi za mababu, wengine walipata ekari tano kama sisi, wengine walipata ahadi, na wengine hata ahadi hawakuipata.

Mtarakwa mmoja ulibaki mpakani mwa shamba letu. Mzee jirani alikuwa na mzinga juu yake na alikuja kurina usiku akiwa na moshi wake, anapanda kimya kama paka. Sisi watoto tulimwita Ndorobo. Asubuhi moja alimletea mama asali kwenye sufuria, akamwambia kwa upole, "Mama watoto, hilo mnaloniita si jina. Ni neno la kumwambia mtu hana ng'ombe." Nilikuwa na miaka tisa na aibu ile ninayo mpaka leo.

Nimekuja kusoma baadaye na kuona kwamba mzee alisema kweli tupu. Wamaasai waliwaita il-torobo, watu maskini wasio na mifugo. Mwingereza akalichukua neno hilo akaliandika "Dorobo" kwenye makaratasi yake, akawaweka chini yake watu wa misitu tofauti tofauti. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ikaja Tume ya Ardhi ya Kenya iliyoongozwa na Morris Carter. Makabila mengine yalichorewa maeneo yao ya hifadhi, finyu na ya dhuluma, ndiyo, lakini yalichorewa. Kuhusu hawa wa msituni tume ilipendekeza wapelekwe kwenye maeneo ya makabila waliyo na ukaribu nayo, wakamezwe humo. Kwa serikali ya mkoloni, watu wasiolima na wasiofuga hawakuwa na ardhi. Walikuwa wapitaji ndani ya msitu wa Mfalme.

Nashikilia hoja moja katika uzi huu, na nyingine zote zinatoka humo: Waogiek walinyang'anywa jina kwanza, ardhi ikafuata. Ukishasema mtu fulani si jamii, ni vipande vya jamii nyingine, basi huna wa kumuuliza unapogawa alipolala. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 tulibadilisha bendera. Karatasi ile hatukuibadilisha. Msitu wa Mfalme ukawa msitu wa serikali, na mpitaji akabaki mpitaji.

Na hawakuwa wapitaji. Kila ukoo ulikuwa na ukanda wake wa msitu, mrefu, unaotoka chini kwenye vichaka hadi juu kwenye mianzi. Sababu yake ni maua. Ya chini hayachanui pamoja na ya juu, kwa hiyo asali huiva kwa zamu, na ukoo huhama na nyuki wake. Mipaka ilikuwa mito na vilima na kila mtu aliijua. Ukiuchukua ukanda huo ukampa mtu ekari tano za mraba mahali pamoja, umempa shamba na umemwondolea mwaka mzima wa asali. Mimi mtoto wa mkulima nilichukua miaka mingi kulielewa hilo, kwa sababu kwetu ardhi ni kitu cha kulimwa tu.

Nauliza hadharani: kuwatambua Waogiek kama jamii ya kiasili yenye haki juu ya Mau ni kuligawa taifa? Wengi nyumbani kwetu wanasema ndiyo. Mimi nasema hapana. Karibuni, ila tujadiliane bila matusi ya kikabila.

---

Msafiri wa Kahama

Mkuu hongera kwa uzi, umeandika kwa moyo. Lakini mimi Mtanzania nina shida na neno lenyewe. "Watu wa asili" maana yake nini Afrika? Australia naelewa: mgeni alikuja kwa meli akamkuta mwenyeji. Huku kwetu nani alikuja kwa meli? Mimi Msukuma nimetoka wapi? Sote ni wa asili. Tukianza kusema huyu asili zaidi na yule asili kidogo tutafika pabaya, na jirani zetu wa Maziwa Makuu walishatuonyesha pabaya penyewe pakoje. Mwalimu alitujengea taifa kwa kukataa mambo haya.

Kijiti

Namuunga mkono wa Kahama. Sote wazawa.

Mlinda Chemchemi

Mimi nauliza swali la tumbo. Mau ndiyo kubwa kuliko chemichemi zote za maji Kenya, kama hekta 400,000. Mara, Sondu, Njoro, Ewaso Ng'iro ya kusini, mito yote hiyo inatoka pale. Ziwa Nakuru linaishi kwa mito ya Mau. Tukisema jamii fulani ina haki ya kukaa ndani, kesho watakuwa elfu ngapi? Watafuga, watalima viazi, watachoma makaa. Haki ya watu elfu hamsini itazidi maji ya mamilioni? Nakubali walionewa. Lakini msitu ukifa hata asali yenyewe haipo.

---

Mtoto wa Njoro (mleta mada)

Asanteni. Naanza na ndugu wa Kahama, kwa sababu swali lake ndilo serikali yetu ilikwenda nalo mahakamani.

Kwa wasiojua: Oktoba 2009 wakaaji wa Mau walipewa notisi ya siku 30 waondoke, Waogiek wakiwemo. Malalamiko yakapelekwa kwenye Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Banjul. Mwaka 2012 Tume ikayapeleka kwenye Mahakama ya Afrika, ile yenye makao Arusha. Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama ikatoa hukumu: Kenya imevunja vifungu saba vya Mkataba wa Afrika, vikiwemo vya kutobaguliwa, dini, mali, utamaduni, maliasili na maendeleo. Haikukubali kila kitu. Dai la kuvunjwa kwa haki ya uhai ililikataa. Naitaja hiyo makusudi ili mtu asidhani majaji walibebwa na huruma.

Serikali ilibisha kwamba Waogiek si jamii ya kiasili, ni sehemu ya Wakenya wengine na wamechanganyika. Mahakama haikuishia kuuliza nani alitangulia kulikalia eneo hilo. Iliangalia pia watu kuutegemea msitu huo kizazi baada ya kizazi, kuwa na utamaduni wao, kujitambua na kutambuliwa na wengine kama jamii, na kutengwa na kunyimwa kunakoendelea mpaka leo, halafu ikasema ni jamii ya kiasili iliyo sehemu ya watu wa Kenya. Sehemu ya watu wa Kenya, wakuu. Shina na tawi vimesemwa kwa pumzi moja.

Kwa hiyo neno hili halimfanyi Msukuma kuwa mgeni. Wewe ulipolima, sheria ilikuona. Ulipofuga, ilikuona angalau kwa jicho moja. Aliyerina asali na kuacha mti umesimama, sheria ilimtazama ikasema hapa hapana mtu. Neno "wa asili" ni dawa ya upofu huo. Ninyi wenyewe mmelifanya hilo bila taifa kupasuka: mwaka 2011 Wahadzabe, wawindaji wa Yaeda Chini, walipata Hati ya Hakimiliki ya Kimila kwa jina la jamii nzima. Nani alimwaga damu?

Na Mwalimu nampenda pia. Umoja aliojenga ulikuwa wa watu kukaa pamoja. Haukumtaka mmoja ajifiche ili wengine wajione wamoja.

Mlinda Chemchemi, nakujia. Swali lako zito na silirushi.

Binti wa Mizinga

Mleta mada naomba niingie hapa kabla hujajibu la msitu. Mimi ni Mwogiek, upande wa Narok. Nimesoma uzi wako nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikarudi.

Kaka Mlinda Chemchemi, unasema tutachoma makaa. Nani alikwambia? Novemba 2023 huko Sasimwani watu wetu walivunjiwa nyumba, wazee na watoto wakabaki kwenye mvua, miaka sita baada ya hukumu ya Arusha na mwaka mmoja na miezi baada ya hukumu ya pili, ya fidia. Sababu iliyotolewa ni kulinda msitu. Nilimwona shangazi yangu amebeba mlango. Nyumba haipo, amebeba mlango. Nilimuuliza shangazi unaupeleka wapi, akasema, "Sijui, lakini bado unafunga."

Msitu tunaufahamu kwa ladha. Asali nyeupe inatoka kwenye mti wa silibwet. Silibwet ukikatwa, asali nyeupe imekwisha, hapana ujanja. Mtu wa namna hiyo utamwogopa kuliko aliyekuja na msumeno wa injini na kibali?

Na nyie mnaosema sote wazawa, nawauliza kwa heshima: mlipokuwa shule, mwalimu aliwahi kuuliza makabila ya darasani na kabila lako lisiwe kwenye orodha? Mimi niliambiwa niandike Kalenjin, dada yangu kwingine akaandikwa Maasai. Baba mmoja mama mmoja.

Msafiri wa Kahama

Dada pole sana. Hilo la mlango limenikaa. Naendelea kusoma.

---

Mtoto wa Njoro (mleta mada)

Binti wa Mizinga, pole, na asante kwa kurudi.

Sasa la msitu. Mlinda Chemchemi, serikali yetu ilitoa hoja yako hiyo hiyo mbele ya majaji: tunawatoa ili kuokoa maji. Mahakama ikasema haikuletewa ushahidi kwamba kuwepo kwa Waogiek ndiko kulikoharibu Mau. Ikaona uharibifu ulitokana na wengine kuvamia, na serikali yenyewe kumega msitu kwa makazi na kutoa vibali vya kukata miti kiholela.

Nami ni shahidi wa hilo, kwa macho. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki zilimegwa kwa tangazo rasmi. Shamba letu limo katika hadithi hiyo. Nilipokuwa mdogo mto tulikochota maji ulikuwa unaimba usiku. Nilipomaliza darasa la nane ulikuwa unakauka Januari. Aliyekata miti ile ni baba yangu na majirani zake, wakipanda viazi na mahindi walishe watoto, na malori yaliyopita usiku yakiwa na magogo ya mitarakwa. Mzee wa mzinga hakukata hata mmoja. Siwezi kukaa kimya akisingiziwa mtu ambaye mimi nilimwona.

Kisha, watu wakiondolewa msitu hauachwi mtupu. Unaachiwa mwenye lori. Mtu anayeishi ndani anasikia shoka, anajua ni nani, na ana sababu ya kupiga kelele kwa sababu mzinga wake uko juu ya mti huo.

Je, Waogiek wote ni watakatifu? Hapana. Wapo waliouza ekari zao, wapo wanaolima viazi kama sisi, wapo vijana waliopanda lori. Umaskini haumchagui mtu. Lakini haki ya kumiliki ardhi hatujawahi kuiwekea sharti la utakatifu kwa kabila lingine lolote. Mbona hatumuulizi mwenye shamba kubwa la chai kama ana tabia njema?

Mlinda Chemchemi

Hoja ya vibali naikubali, nilikuwepo Nakuru miaka hiyo na malori niliyaona. Lakini hujajibu la kesho. Idadi inaongezeka, na kijana wa leo anataka mabati, umeme, pikipiki. Ukimpa hatimiliki, sheria inamruhusu auze. Akiuza, msitu umeondoka.

Wakili Kijana

Niingilie, hili ni eneo langu kidogo.

Mlinda Chemchemi, hofu yako inahusu hatimiliki ya mtu mmoja mmoja. Kinachodaiwa ni ardhi ya jamii. Katiba ya 2010, Kifungu cha 63(2)(d)(ii), inataja waziwazi kuwa ardhi ya jamii ni pamoja na ardhi za mababu na ardhi zilizokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji. Ikafuata Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016: jamii inasajiliwa, inakuwa na mkutano mkuu na kamati, na ardhi haiuzwi na kijana mmoja mwenye hamu ya pikipiki. Skimu za ekari tano ndizo zilizouzika kirahisi, kwa sababu zilikuwa za mtu mmoja mmoja.

Tatizo la kweli ni kwamba Katiba hiyo hiyo, Kifungu cha 62(1)(g), inaweka misitu ya serikali na maeneo ya vyanzo vya maji kwenye ardhi ya umma. Mau ni chanzo cha maji, na Mau ni ardhi ya mababu wa wakusanyaji. Ukisoma 62 peke yake, Waogiek ni wavamizi. Ukisoma 63 peke yake, Shirika la Huduma za Misitu ndilo mvamizi. Serikali imekuwa ikisoma 62 na kufunga kitabu. Arusha ilichofanya ni kutulazimisha kufungua ukurasa wa pili.

Kuna jambo linalonikera zaidi. Mwaka 2000 Mahakama Kuu Nairobi iliamua kesi ya Waogiek wa Tinet. Waliomba wasifurushwe, wakashindwa. Sehemu ya hoja ilikuwa kwamba wamebadilika, hawaishi tena maisha yale ya kale ya kutegemea msitu. Angalia mtego ulivyo. Ukivaa ngozi, wewe ni mtu wa kale usiyejua kutunza rasilimali. Ukivaa suruali, umekoma kuwa wa asili. Mkikuyu akiacha kulima akafungua hoteli, hatuna jaji anayemwambia shamba la babu yake si lake tena.

Binti wa Mizinga

Wakili, Mungu akubariki. Mimi nina simu na nina digrii, na baba bado ananituma nishike kamba ya mzinga.

Kijiti

Nimesoma. Bado nina wasiwasi na kujitenga. Leo haki maalum, kesho bendera.

Wakili Kijana

Kijiti, hofu hiyo ilikuwepo hata New York. Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili lilipitishwa 13 Septemba 2007: nchi 143 ziliunga mkono, 4 zilipinga (Australia, Kanada, New Zealand na Marekani), 11 hazikupiga upande wowote. Kenya ilikuwa kati ya hizo 11. Tanzania ilisema ndiyo. Kabla ya kura, nchi za Afrika zilisimama kidete kuhusu mipaka ya nchi, na Kifungu cha 46 kikaandikwa kusema hakuna neno katika azimio linaloruhusu kuivunja nchi. Kwa hiyo mlango unaouogopa ulishafungwa, na ni Waafrika walioufunga.

Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, nimefundisha miaka 34, mingine Baringo. Niongeze la Endorois, jamii ya wafugaji, maana mnasahau kwamba Waogiek hawakuwa wa kwanza. Miaka ya sabini Endorois waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria ili pawe hifadhi ya wanyama. Ng'ombe wao walikuwa wakifuata chumvi pale, na wazee wakisali pale. Nilikuwa na wanafunzi ambao babu zao walivuka ua usiku kwenda kusali kama wezi. Mwaka 2010 uamuzi wa Tume ya Afrika ukatangazwa, kwamba warudishiwe. Miaka imepita, na ninyi mnaweza kuhesabu. Nisemalo ni kwamba Kenya haikosi hukumu. Inazo. Kinachokosekana ni mtu mmoja ofisini wa kuamka asubuhi na kusema leo natekeleza.

Kisha kumbukeni Wamakonde. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai vitambulisho. Walikuwa nchini tangu enzi za mashamba ya mkonge. Rais akaagiza wapewe, wakaingia kwenye hesabu kama kabila la 43. Taifa lilipasuka? Mimi sikusikia mlio.

---

Mtoto wa Njoro (mleta mada)

Mwalimu, shikamoo. Umenisaidia kufika nilikotaka kufika, yaani utekelezaji, na shamba letu.

Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu ya pili, ya fidia. Serikali iwalipe Waogiek Shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na Shilingi 100,000,000 kwa madhila. Jumla Shilingi 157,850,000. Waogiek waliohesabiwa katika sensa ya 2019 ni zaidi kidogo ya 52,000. Piga hesabu: kama Shilingi 3,000 kwa kila mtu. Wanaosema kesi hii ni ya kutafuta utajiri, naomba waitazame hesabu hiyo mara mbili. Na fedha hizo haziingii mfukoni mwa mtu, ni za mfuko wa maendeleo ya jamii.

Uzito wa hukumu uko kwingine. Serikali ipime, iweke mipaka na kuwapa hati ya pamoja ya ardhi ya mababu zao, ndani ya miaka miwili. Miaka miwili iliisha Juni 2024. Serikali iwatambue kama jamii ya kiasili, lugha yao na mila zao. Iwashirikishe kabla ya kufanya lolote juu ya ardhi yao. Baada ya hukumu ya kwanza liliundwa jopokazi. Binti wa Mizinga anaweza kuwaambia jopokazi lilimletea nini shangazi yake.

Sasa kipande kinachonihusu. Nilipofika hapo nilisoma polepole, kidole kwenye mstari. Majaji walijiuliza: na hao wengine waliopewa ardhi hiyo? Wakasema serikali ianzishe mazungumzo kati ya Waogiek na watu hao. Wanaweza kukubaliana watu wabaki, kwa kukodisha au kugawana faida. Wakishindwa kuelewana, serikali iwafidie hao wengine, na ardhi irudi kwa Waogiek.

Wakuu, miaka yote nyumbani kwetu tumeambiwa Waogiek wakishinda sisi tutatupwa barabarani. Wanasiasa wamekula kura zetu kwa hofu hiyo. Kumbe hukumu inamtaja mtu kama baba yangu, na inamwelekeza kwa aliyemkosea hasa: aliyempa kisicho chake. Mwaka 2018 na 2019 maelfu ya walowezi walitolewa Maasai Mau, wengi wakiwa na karatasi mkononi. Karatasi hazikuwasaidia. Nani basi yuko salama zaidi, mwenye karatasi kama yetu inayoweza kuitwa batili asubuhi yoyote, au aliyeketi na mwenye ardhi wakapatana na kuandikishana?

Krismasi iliyopita nilimsomea baba kipande hicho. Ana miaka sabini na tatu. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Kwa hiyo wanataka kuzungumza nasi?" Nikamwambia majaji wanataka tuzungumze. Akasema, "Mzee wa mzinga alitaka hilo tangu mwanzo. Mimi ndiye sikuwa na la kumwambia."

Mzee wa mzinga alishafariki. Mwanawe yupo, tulisoma naye.

Mlinda Chemchemi

Sikuwa nimeisikia hiyo ya mazungumzo. Vyombo vyetu vilisema fidia tu. Nabaki na hofu yangu ya maji, lakini kama ardhi ni ya jamii, haiuzwi, na wenyewe ndio walinzi pamoja na Shirika la Misitu, hapo naweza kukaa mezani. Sharti langu: iandikwe ni miti gani haiguswi.

Binti wa Mizinga

Mlinda Chemchemi, hilo tulishaandika. Koo zetu zina kanuni. Njoo nikuonyeshe silibwet ulipo, nawe uandike na wewe.

Msafiri wa Kahama

Mleta mada, nabadilisha nusu ya maoni yangu. Nusu bado naifikiria. Neno "asili" bado linanikwaza, ila kisa cha dada wawili wa baba mmoja kuandikwa makabila mawili kimenifunga mdomo. Pia sikujua maji ya Mto Mara tunayoyaona Serengeti chanzo chake ni huko kwao. Kumbe tunakunywa kwa watu hatuwajui jina.

Kijiti

Mwanawe mlizungumza naye?

Mtoto wa Njoro (mleta mada)

Kijiti, ndiyo. Januari. Baba alikwenda mwenyewe, akakataa nimsindikize mpaka mlangoni. Walikaa tangu saa nne mpaka jua likazama. Sijui yote yaliyosemwa. Najua mawili. Mtarakwa wa mpakani hautaguswa, na mzinga mpya umeshapandishwa juu yake. Na wamekubaliana kwamba likianza zoezi la kupima ardhi, baba atasimama na kuonyesha alipovikuta vigingi na nani alivipigilia, mbele ya watu, kwa jina lake.

Mama ana wasiwasi. Kaka zangu wawili hawazungumzi na baba tangu siku hiyo, mmoja ana nyumba ya mawe pale. Nitaleta mrejesho tukikaa kikao cha familia Aprili.